Anaclet Kanyinda Lumbala, Aliyerudia Kipimo

Ndugu, jamaa, wanafunzi wa zamani na majirani wa Kampemba, tumekutana leo Jumamosi, tarehe 22 Machi 1997, kumsindikiza Profesa Anaclet Kanyinda Lumbala. Familia imemwomba binti yake mkubwa, Clotilde, asome maisha yake kama yalivyokuwa. Mengi yamesemwa mjini juu ya marehemu, na mengine yamechezwa jana kwenye kilio mbele ya watu wote. Tutayafikia kwa mpangilio wake. Mtu huanza kwa kuzaliwa, haanzi kwa kusengenywa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1940 hapa Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Lumbala, fundi wa mashine za treni aliyetoka Kasai, na mama Ntumba, aliyelima mihogo nyuma ya nyumba za kambi. Alibatizwa mwaka huo huo. Mama yake alisema kwamba alichelewa kuzungumza, na alipoanza, neno lake la kwanza lilikuwa “tena”. Familia inalileta neno hilo hapa kwa sababu lilimfaa maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadre, kisha sekondari, ambako alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika gwaride. Mnamo Septemba 1961, katika vurugu za wakati ule, wazazi wake walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji pamoja na maelfu ya watu wa asili ya Kasai. Walikaa chini ya turubai na magunia hadi mwaka uliofuata. Humo kambini kuhara damu kulimchukua dada yake mdogo, Bernadette, aliyekuwa na miaka saba. Kijana Anaclet alikuwa akimpelekea maji yaliyochemshwa na majani aliyopewa na mama mmoja jirani. Hakujua majani yale yalimsaidia mtoto au yalimdhuru, na hakuna mtu kambini aliyejua. Baadaye aliwaambia wanafunzi wake kwamba alichagua kemia ili alijue hilo tu.

Alipata shahada ya kemia mwaka 1967. Mwaka 1971 alikwenda Ubelgiji, akarudi mwaka 1975 akiwa daktari wa sayansi, ingawa huko walimpa nafasi ya kubaki. Koti zito alilorudi nalo lilitumika nyumbani kama blanketi la watoto.

Kabla ya safari hiyo alikuwa amekwisha kuoa. Ndoa yake na Hortense Chola, mwalimu wa Kifaransa na Kilatini, na ndiye aliyeandika maneno haya, ilifungwa Kasenga, kando ya mto Luapula, tarehe 9 Agosti 1969. Si kila mtu wa pande mbili aliipenda ndoa ile, mume akiwa wa asili ya Kasai na mke akiwa mtoto wa Luapula. Siku ya kwanza aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe, marehemu alitoweka mezani. Walimkuta jikoni amechuchumaa karibu na mama mkwe, akimuuliza kwa nini samaki waliofunikwa kwa majani fulani walikaa siku nyingi bila kunuka. Alikuwa amejaza majani hayo mifuko yote miwili ya suti. Mjomba wa bibi harusi akasema kwa sauti: “Huyu bwana amekuya kuoa mutoto, ao amekuya kuoa majani?” Marehemu akajibu kwa adabu: “Baba, mutoto kwanza. Majani nitaomba kiisha.” Watu walicheka, na mahari ikazungumzwa kwa roho nyeupe.

Kazi yake, kwa miaka zaidi ya ishirini, ilikuwa kupima mimea inayotumiwa na waganga wetu. Alikausha majani na magome kivulini, akayatwanga, akayaloweka katika pombe kali safi ya maabara, akachuja, kisha akaikausha pombe ile polepole hadi ibaki dawa nzito kama asali. Dawa hiyo aliiuliza maswali mawili. La kwanza: je, inazuia ile hali inayofanya ndizi iliyokatwa igeuke nyeusi hewani, na ambayo ndani ya mwili huuzeesha mwili na kuuchosha? Kwa hilo alikuwa na unga wa rangi ya zambarau kutoka Ulaya, ambao maji yake hugeuka manjano mmea ukiwa na nguvu hiyo. La pili: je, inaua vidudu vya magonjwa? Kwa hilo alivipanda vidudu katika visahani vya kioo, akaweka juu yake kikaratasi cha mviringo kilicholoweshwa dawa. Kesho yake, vidudu vikiwa vimekufa, duara safi huonekana kuzunguka kikaratasi. Visipokufa, sahani hujaa ukungu mweupe kotekote.

Pembeni mwa kila kikaratasi cha dawa aliweka kingine kisicho na mmea, chenye pombe peke yake. Alikiita kipimo kitupu. Mwanafunzi aliyemletea duara zuri bila kipimo kitupu alirudishwa maabara hapohapo, hata kama ilikuwa siku ya sikukuu. Wengi wenu mliopo hapa mlirudishwa.

Mnamo Oktoba 1991 mji uliporwa na wanajeshi. Maabara yake haikuachwa. Vioo vya kupozea mvuke vilivunjwa, darubini ikaondoka, pombe yote safi ikabebwa na, kama tulivyosikia, ikanywewa. Marehemu alifagia vioo mwenyewe. Alibakiwa na visahani, chupa ya unga wa zambarau aliyokuwa ameificha nyuma ya vitabu, na wanafunzi wachache. Mishahara ilisimama, umeme ukaanza kuja kama mgeni. Visahani vya vidudu vinataka joto kama la mwili, hivyo alivilaza katika sanduku la kutotolea vifaranga lenye taa ya mafuta. Na kwa kuwa pombe ya maabara haikupatikana tena popote, alitumia iliyopatikana. Hapa Kampemba inayopatikana ni lutuku, pombe kali ya kienyeji.

Tunalisema neno hilo wazi kaburini kwake, kwa sababu limesemwa kwa kificho miaka minne. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, Profesa Kanyinda, mzee wa kanisa, alipita barabarani na bidoni, dumu la plastiki la njano, akienda kwa mama Ngosa, mpishi wa lutuku. Akirudi aliichemsha upya nyumbani ili kuisafisha. Vioo vyake vikiwa vimevunjwa, aliupitisha mvuke katika bomba la shaba alilonunua sokoni, la aina ileile wanayotumia akina mama wapishi wenyewe. Katika mji huu, mtu akitafuta bomba, shaba ndiyo ya kwanza kushikwa na mkono.

Mwaka 1992 ulikuja na maneno ya kufukuzana. Watu wa asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, barabarani, wakaambiwa waende kwao. Vijana walipita mbele ya nyumba yetu wakipiga kelele: “Bilulu, mupande treni!” Marehemu alikuwa mezani akitazama sahani, akasema bila kuinua kichwa: “Bilulu niko nabyo hapa, byote bimelala.” Lakini mdogo wake, Raoul, alipanda treni na watoto wake baada ya kukaa wiki nyingi kituoni, na mtoto wake mdogo hakufika Kasai. Marehemu hakupanda. Aliyezaliwa katika kambi ya reli ya mji huu hakuona kwao kwingine kwa kurudi.

Kuhara damu kulianzia kwa waliolala wakisubiri treni, kukaingia Kampemba, kukafika mtaa wa Annexe. Kituo cha afya Tumaini, cha hapa mtaani, hakikuwa na kidonge. Manesi wakamwendea marehemu. Wakati huo alikuwa akipima gome la mti mmoja wa miombo ambao waganga wengi wanaupenda. Jina lake halitasomwa hapa, kwa kuwa aliomba lisitajwe, asije mtu akaenda kulichemsha. Unga wa zambarau uligeuka manjano vizuri sana. Katika visahani vya vidudu vya kuhara damu, duara lilionekana safi, pana, na kipimo kitupu hakikuonyesha kitu. Aliwaambia manesi: gome hili linaua vidudu katika sahani, katika tumbo la mtu sijui. Wao walisikia nusu ya kwanza. Naye, akimkumbuka Bernadette, hakuwazuia. Kituo kiliwapa wagonjwa dawa ile, aliyoiandaa mwenyewe. Wengine walipona, kama wengine wanavyopona bila dawa. Wengine walikufa, na wengi wao walikuwa watoto.

Mnamo Februari 1993 marehemu aliishiwa gome akiwa na lutuku nyingi iliyosafishwa. Asikae bure, alirudia kipimo kitupu, na mara hii alikirudia kwa ukamilifu: alikausha bidoni nzima ya pombe bila gome, kama alivyoikausha siku zote ikiwa na gome. Mwanzoni alikuwa akiweka matone machache tu ya pombe, na matone hayakuwa na nguvu ya kuonyesha jambo. Chini ya chombo kilibaki kitu kidogo kama uchafu. Alikiweka kwenye kikaratasi. Kesho yake palikuwa na duara, pana kama la gome.

Alirudia tena. Kisha akadondosha amonia katika uchafu ule, ukageuka buluu iliyokolea. Kila mwanakemia wa mji huu anaijua buluu hiyo: ni shaba. Lutuku ilikuwa ikiila shaba ya bomba, kidogo kidogo, na katika kukausha, shaba ilijikusanya ndani ya dawa. Shaba ndiyo iliyochora duara. Gome lilikuwa na ile nguvu ya kwanza, ya unga wa zambarau, na hilo lilibaki kweli. Lakini vidudu halikuviua.

Mwenzake mmoja kazini, ambaye hatutamtaja, alimjia nyumbani akamwambia: “Profesa, nani atakuja kupima tena? Vyombo vimeibwa. Wanafunzi wamepanda treni. Acha tu, mambo yenyewe yanaishia.”

Marehemu akamjibu: “Nimeshapima mimi.”

“Na wewe utamwambia nani?”

“Niliowapa dawa.”

Kwanza alikwenda kituo cha Tumaini na kusimamisha dawa siku hiyohiyo. Jumapili akaomba nafasi kanisani. Alisimama mbele, akasema: “Gome nililowapa haliui vidudu. Kilichoviua kwenye sahani zangu ni shaba, iliyotoka katika bomba langu, ndani ya lutuku niliyotumia. Kosa ni langu.” Aliongea vizuri, kwa sentensi fupi, kama darasani. Watu wa nyuma waliondoka na neno moja tu. Kabla ya mchana lilikuwa limefika sokoni: mzee wa kanisa amekiri lutuku madhabahuni. Wiki hiyo akaitwa Profesa Lutuku. Mlevi mmoja wa mtaani alimpigia saluti akisema: “Baba, umetuokoa, science imesema lutuku inaua microbe!” Baraza la kanisa lilimwita, likamsikiliza kwa muda mfupi, likamwondoa uzee. Mmoja wa wajumbe alisema: “Kila munywaji iko na sababu yake.” Marehemu aliinama, akashukuru, akarudi nyumbani kwa miguu. Familia haiombi leo uzee huo urudishwe.

Kisha alianza kuzitembelea nyumba za waliokufa. Mkewe alimsihi asiende, na si kwa woga tu. Aliona jina la nyumba yake likiburuzwa kutoka mlango hadi mlango. Alikwenda. Nyumba moja walimfungia mlango. Huko Annexe mzee mmoja alimpiga kofi, akamwambia arudi Kasai na madawa yake. Katika ua wa Joséphine Kalaba, aliyefiwa na binti yake Exaucée mwenye miaka mitano, marehemu alisimama juani akasema yote bila kuficha: shaba, bomba, gome. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamsogezea kigoda, akasema:

“Baba, ikala kwanza. Siku ile tungemupa nini ingine? Ku santé, pale Tumaini, hakukuwa hata aspirine. Mulimupa ile dawa, akakunywa, akasema, mama iko kali, nipe sukari. Sukari haikukuwa. Mi nakumbuka ile sukari. Dawa yako siikumbuke.”

Aliporudi nyumbani, marehemu aliyasimulia maneno hayo mara moja tu, na hakula.

Aliendelea kufundisha kwa mdomo, bila vyombo, wanafunzi wakiwa wachache kuliko viti. Bomba la shaba alilikata vipande, akawa analipitisha darasani kuwaonyesha. Mwaka 1995 macho yake yalianza kuwa manjano, tumbo likavimba, miguu ikakonda. Mtaani walitikisa vichwa wakasema: ndiyo hivyo, ini. Daktari Clément, aliyemtibu hadi mwisho bila kuomba kitu, ametupa ruhusa kusema hadharani: ini la marehemu liliharibiwa na kirusi cha homa ya ini, kilichoonekana katika vipimo vya damu iliyotumwa nje ya nchi. Ugonjwa huo huwapata hata wasioonja pombe. Marehemu, kama kawaida yake, aliomba damu irudiwe kupimwa. Jibu lilirudi lilelile. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 20 Machi 1997, saa kumi alasiri, redio ya jirani ikitangaza miji iliyoangukia mikononi mwa waasi wanaokuja. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Sasa tuseme ya jana. Kwa desturi ya vilio vya mji wetu, wajukuu wanaruhusiwa kumwigiza marehemu na kumcheka, na mwenye msiba hakasiriki. Jana Ijumaa kijana Chadrack, mjukuu wa dada mkubwa wa marehemu, aliingia katikati ya watu amevaa koti na miwani ya babu yake, na bidoni ya njano mkononi, akiyumba, akiangukia akina mama, akisema: “Silence! Profesa Lutuku anapima!” Watu walicheka sana. Mjane alikaa kwenye mkeka wake, kama desturi inavyotaka.

Ndipo mama mmoja mzee akainuka nyuma. Ni mama Ngosa, mpishi wa lutuku, ambaye kabla ya jana hakuwahi kukanyaga ua wetu.

“Mwe batoto, muache kwanza,” alisema. “Ile bidon mi njo nilikuwa naijaza. Mu bateja yangu yote, Baba Profesa njo alikuwa mubaya zaidi. Hakukunywa, hakuimba, hakuanguka mu mutaro yangu hata siku moja. Alikuwa natia kidogo mu kijiko, anawasha kiberiti, anaangalia moto. Kama moto iko bleu, analipa. Kama haiko bleu, ananiambia: Mama Ngosa, leo umeniuzisha mvua.”

Watu wakacheka tena, lakini kicheko kingine. Chadrack akavua miwani. “Sasa kambo,” alimuuliza mama yule, akimwita bibi, “ile yote alikuwa napeleka wapi?”

“Uliza mama Hortense. Mi nilikuwa nauzisha, sikukuwa nafwata bidon.”

Macho yote yakageuka kwenye mkeka. Jibu ndilo mnalolisikia sasa. Ingekuwa rahisi kusema tu kwamba hakunywa, tukanyamaza kuhusu gome na watoto. Lakini bidoni haielezeki bila gome, na gome halielezeki bila watoto. Kwa hiyo familia inasema yote mawili. Anaclet Kanyinda hakuwa mlevi. Na dawa aliyowapa watu haikuwaponya, akawaambia mwenyewe, wakati hakuna mwingine mjini aliyebaki na chombo cha kumgundua.

Marehemu ameacha mjane, Hortense Chola, watoto watatu, Clotilde, Marie-Thérèse na Mardochée, wajukuu watano, ndugu yake Raoul, aliye Kasai, ambaye habari hizi labda bado hazijamfikia, mjukuu wake Chadrack, aliyeomba mwenyewe kubeba msalaba leo, pamoja na wanafunzi waliotawanywa na reli.

Ameacha pia mama Joséphine Kalaba, mama wa Exaucée. Hana undugu nasi wa damu wala wa ndoa. Jana alifika kwenye kilio na kilo ya sukari kwa ajili ya chai ya waombolezaji, akaiweka mikononi mwa mjane, akaomba jina lake lisomwe pamoja na waliofiwa. Sasa limesomwa.

Anaclet, hakuna tena cha kurudia. Mungu akupumzishe kwa amani.